Bei ya RAM imepaa tena: je, watengenezaji wa chipu wanabana mzigo makusudi?

MtuWaSaketi (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Tangu miezi ya mwisho ya 2025 kila uzi wa kununua au kuboresha mashine unaishia pale pale: RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) imekuwa ghali, na mtu lazima aseme "hawa jamaa wanaficha mzigo ili bei ipande." Naomba niliandikie hili kwa kirefu. Shutuma hiyo ina historia ya kweli kabisa, yenye kesi, faini na watu waliokwenda jela. Lakini ya zamani yaliyothibitishwa ni jambo moja, na yanayotokea sasa ni jambo jingine. Tukiyachanganya, tutamkamata asiye na kosa na mwenye kosa atapita katikati yetu.

Nianze na yaliyothibitishwa.

Kati ya 1998 na 2002 kampuni zilizotengeneza DRAM, yaani chipu zile zilizobandikwa kwenye kijiti cha RAM, zilikuwa zinapigiana simu, zinakutana na kuambiana bei kabla ya kwenda kwa wanunuzi wakubwa. Wanunuzi wenyewe hawakuwa wadogo: Dell, Compaq, HP, Apple, IBM na Gateway. Wizara ya Sheria ya Marekani ilianza uchunguzi mwezi Juni 2002. Micron ya Marekani ikawahi kujitokeza na kushirikiana na wachunguzi, na kwa hiyo ikakwepa faini. Waliobaki wakaanza kukiri mmoja baada ya mwingine. Infineon ya Ujerumani ililipa dola milioni 160 mwaka 2004. Hynix ya Korea Kusini ikalipa milioni 185 mwaka 2005, na mwaka huohuo Samsung ikakubali milioni 300, ambayo wakati huo ilikuwa faini ya pili kwa ukubwa katika kesi za jinai za ushindani Marekani. Elpida ya Japani ikafuata 2006 kwa milioni 84. Jumlisha mwenyewe, inapita dola milioni 700.

Na haikuishia kwenye fedha za kampuni. Mameneja wa mauzo walifungwa, wengine miezi 4, wengine hadi 14. Hawa walikuwa watu wa suti na kompyuta, wenye barua pepe zilizowaumbua.

Ulaya walichelewa lakini walifika. Mei 2010 Tume ya Ulaya ilizitoza kampuni 9 jumla ya euro milioni 331 kwa mambo yaleyale: Samsung, Hynix, Infineon, NEC, Hitachi, Mitsubishi, Toshiba, Elpida na Nanya. Micron ilikuwemo kwenye mpango, ila ndiyo iliyotoboa siri, ikasamehewa tena.

Kwa hiyo anayekuambia "haiwezekani kampuni kubwa hizo zikapanga bei" mwambie walishafanya, na walikiri kwa maandishi.

Sasa angalia orodha hiyo ya majina halafu uniambie leo wamebaki wangapi. NEC na Hitachi waliunganisha shughuli zao za DRAM ikawa Elpida, na Mitsubishi akaingiza zake humo baadaye. Infineon ikatenga kitengo chake kikaitwa Qimonda, kikafilisika Januari 2009. Elpida ikafilisika Februari 2012, Micron ikainunua na kukamilisha mwaka uliofuata. Toshiba alishaachana na DRAM kitambo. Leo zaidi ya asilimia 90 ya DRAM yote duniani inatoka kwa watatu: Samsung, SK Hynix (ni Hynix ileile) na Micron. Nanya bado yupo Taiwan lakini ni mdogo. CXMT ya China, iliyoanzishwa 2016 mjini Hefei, inakua, ila vizuizi vya Marekani juu ya mitambo ya kutengenezea chipu vinaibana.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Mwaka 1999 walihitaji simu kwa sababu walikuwa wengi, na katikati ya wengi daima kuna mmoja anayevunja safu. Wakiwa watatu simu haihitajiki. Kila baada ya miezi mitatu kila mmoja anatoa taarifa ya mapato mbele ya wawekezaji, na pale anasema wazi atapunguza uzalishaji, atachelewesha kiwanda, atatanguliza "faida kuliko wingi." Wenzake wawili wanasikiliza kama sisi tunavyosikiliza. Hakuna mkutano wa siri wala karatasi ya kukamata. Bei inapanda vilevile.

Ndiyo maana kesi ya 2018 ilishindwa. Bei za DRAM zilipanda sana kati ya 2016 na 2018, na Samsung ikamaliza 2018 na faida ya uendeshaji ya won (fedha ya Korea) trilioni 58.9, rekodi kwao wakati huo. Wanunuzi wa Marekani wakazishtaki zote tatu kwamba zilikubaliana kubana uzalishaji. Mahakama ikaitupa kesi Desemba 2020, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo 2022. Majaji waliona kampuni zikitembea kwa hatua moja, lakini hiyo haikutosha kuonyesha kwamba walikubaliana. China nayo ilifungua uchunguzi wake 2018, ukafifia.

Kuhusu safari hii, mimi sioni ushahidi wa njama. Ninachoona ni hiki: vituo vya data vya akili mnemba vinahitaji chipu aina ya HBM, ambazo ni DRAM zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa na kuwekwa pembeni ya GPU, yaani kichakataji kinachofanya hesabu za akili mnemba. Micron wenyewe wamesema kiasi kilekile cha kumbukumbu, kikitengenezwa kama HBM, kinakula takribani mara 3 ya silikoni ambayo DDR5, kizazi kipya cha RAM ya kawaida, ingekula. Kila GB moja ya HBM inachukua nafasi ya takribani GB tatu za RAM yako. Oktoba 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, ilitia saini barua za makusudio na Samsung na SK Hynix, wakilenga hadi sahani za silikoni (zile zinazokatwa kuwa chipu) 900,000 kwa mwezi kwa mradi wake wa vituo vya data uitwao Stargate. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron ikatangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya RAM na SSD (diski zisizozunguka) za watu wa kawaida, mzigo ukiendelea kutoka hadi Februari 2026 tu. Chapa ya karibu miaka 30 imeondolewa sokoni kwa sababu mteja mwingine analipa zaidi.

Hasira yangu ipo hapo hapo, wakuu. Sheria inatafuta mkutano. Mnunuzi anaumia kwa sababu wauzaji ni watatu, mkutano uwepo usiwepo. Tutaendelea kutafuta barua pepe za siri wakati mambo yote yanatangazwa hadharani.

Karibuni, aliye na la kuongeza au kupinga aseme.

---

FundiMsimbazi

Mkuu asante sana kwa uzi huu. Sisi huku dukani ndio tunaotukanwa. Mteja anakuja na bei aliyonunulia mwaka jana, ukimtajia ya leo anakuangalia kama mwizi. Wakala naye bei yake haidumu wiki. Ukichukua mzigo mwingi unaogopa itashuka ukae nao, ukichukua kidogo kesho unaukuta umepanda.

Swali langu ni moja. DDR5 naelewa, inagombewa na seva. Kwa nini DDR4 nayo imepanda, wakati ni teknolojia ya zamani? Hata vijiti tulivyochomoa kwenye mashine za mtumba sasa hivi vinagombewa.

---

MtuWaSaketi

FundiMsimbazi, DDR4 imepanda kwa sababu wakubwa wameitangazia mwisho. Mistari ya uzalishaji iliyokuwa inatoa DDR4 inageuzwa kutoa DDR5 na HBM, na mwaka 2025 wateja wakaambiwa waweke oda zao za mwisho. Mashine zinazotumia DDR4 bado ni nyingi mno duniani, za ofisini, za viwandani, hata vifaa vya mitandao. Kila mwenye nazo akakimbilia kujaza ghala. Kuna kipindi mwaka 2025 chipu za DDR4 ziliuzwa ghali kuliko DDR5 katika soko la papo kwa papo.

Na hivyo vijiti vya kuchomoa usividharau. Kijiti kizima kilichotoka kwenye mashine ya mtumba ni chipu ileile ya kiwandani. Kipime tu kwa programu ya MemTest86 usiku kucha kabla hujamuuzia mtu.

---

Mchumi_Kibaha

Mleta mada umeandika vizuri lakini naona unawaonea kidogo. Ngoja niseme upande wa pili.

Biashara ya DRAM inaua. Kiwanda kimoja kipya kinagharimu zaidi ya dola bilioni 10, na mingine inazidi 20. Kukijenga ni miaka miwili mitatu. Ukishakijenga huwezi kukizima ovyo, kwa sababu gharama kubwa umeshazilipa, kwa hiyo unazalisha hata kwa hasara. Na bidhaa yenyewe imewekewa kiwango kimoja na JEDEC, chombo cha viwango cha sekta hii, RAM ya huyu inaingia kwenye nafasi ya RAM ya yule, hakuna cha kushindania zaidi ya bei. Ndiyo maana ikishuka inaporomoka kweli kweli.

Mwaka 2023 kitengo cha chipu cha Samsung kilipata hasara ya karibu won trilioni 15. SK Hynix hasara ya trilioni 7.7. Mwaka ule watu humu walinunua RAM na SSD kwa bei ya kutupa na hakuna aliyefungua uzi wa kuwaonea huruma. Sasa wenye kampuni walioponea chupuchupu unataka wajenge viwanda vipya kila mahitaji yanapopanda? Qimonda na Elpida walijenga, na wako wapi leo? Mkulima aliyeuza mahindi kwa hasara mwaka huu mwakani analima ekari chache. Hatumpeleki mahakamani.

---

MtuWaSaketi

Mchumi, hoja yako ni nzito na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Kupunguza uzalishaji ukiwa kwenye hasara ni haki ya yeyote. Micron alitangaza kupunguza takribani asilimia 20 Novemba 2022, SK Hynix alikuwa ameshaanza, Samsung akasita hadi Aprili 2023 ndipo akasema naye anapunguza kwa kiwango cha maana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, hilo silipingi.

Ila tazama tofauti na mkulima wako. Wakulima wa mahindi ni mamilioni. Mmoja akilima pungufu, soko halimjui. Wale ni watatu. Samsung alipotangaza tu, bei ya hisa zake na za SK Hynix ilipanda siku hiyohiyo, na ya Micron ikafuata soko la Marekani lilipofunguliwa, kwa sababu kila mwekezaji alijua maana yake. Mwenye uwezo wa kupandisha bei ya dunia nzima kwa tangazo moja hawezi kuchukuliwa kama mkulima, hata kama hajavunja sheria yoyote.

Na hasara ya 2023 imetajwa sana. Faida ya 2018 haitajwi sana. Ukipiga hesabu ya mzunguko mzima wa kupanda na kushuka, waliobaki hawakutoka vibaya.

---

MjukuuWaKahawa

Naomba niingilie hapo kwa sababu nyumbani kwetu Kagera tuliyaona haya kwenye zao letu.

Kuanzia miaka ya 1960 kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Nchi zinazolima, sisi Tanzania tukiwemo, Uganda, Kenya, Brazili, Kolombia na wengine, zilipewa migao ya kuuza nje. Lengo lilikuwa wazi kabisa: kupunguza mzigo sokoni ili bei isianguke. Marekani na nchi za Ulaya zinazonunua zilitia saini zikijua. Migao ikavunjika Julai 1989 na bei ikaporomoka. Wazee wetu wanaujua mwaka ule kwa jina.

Ninachotaka kusema ni kwamba kubana mzigo kwenyewe si dhambi kila mahali. Inategemea nani anabana, anabana mbele ya nani, na nani ana sauti mezani. Kwenye kahawa mnunuzi alikuwa na kiti na kura. Kwenye chipu mnunuzi pekee mwenye kiti ni yule anayeweka oda ya mabilioni ya dola. Shule, zahanati na mwanafunzi wa chuo hawana kiti. Kwa hiyo mleta mada, nakuunga mkono, ila usiseme tu "wako watatu." Uliza pia wanazungumza na nani kabla ya kuamua RAM ya kawaida isitengenezwe.

---

MtuWaSaketi

Mjukuu, hili sikuwa nimelifikia na umelisema vizuri kuliko mimi. Crucial ni mfano kamili wa unachosema. Aliyekuwa ananunua kijiti kimoja kwa mwaka hakuulizwa.

---

Wakili_Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Niongeze ya kisheria kwa ufupi.

Sheria ya Marekani inayotumika ni ya 1890, na inakataza makubaliano ya kuzuia biashara. Neno kubwa hapo ni makubaliano. Wapinzani wawili wakiangaliana na kufanya jambo moja bila kuahidiana, hiyo hawaiiti njama. Mlalamikaji lazima aonyeshe kitu cha ziada: mawasiliano, au hatua ambayo kampuni isingeichukua peke yake kama haina uhakika na wenzake. Kesi ya 2018 ilikwama pale, kama mleta mada alivyosema. Kwa jinsi sheria ilivyo, sioni kesi ya sasa ikienda mbali zaidi, maana safari hii kuna mahitaji ya kweli, yanayoonekana kwa macho.

Jambo jingine ambalo watu wetu hawalijui. Kwenye ile karteli (kundi la wapanga bei) iliyothibitishwa ya RAM kulikuwa na fidia. Wanunuzi wa kawaida Marekani, wale walionunua kompyuta dukani kati ya 1998 na 2002, walitengewa dola milioni 310 na wakapewa hadi Agosti 2014 kudai. Mtu aliyenunua kompyuta ileile Nairobi au Dar es Salaam, yenye RAM ileile iliyopandishwa bei na watu walewale, hakuwa na pa kudai. Faini ya Ulaya nayo iliingia kwenye bajeti ya Ulaya.

Sisi sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, Kenya ya 2010, na zote zinakataza kupanga bei. Lakini mamlaka yetu ina nguvu juu ya msambazaji aliyeko hapa, na bei imeshapangwa Korea kabla kontena halijapakiwa. Hapo ndipo ningetaka jumuiya yetu ya Afrika Mashariki iwe na sauti moja, kwa sababu soko la nchi moja moja ni dogo mno kumtisha mtu.

---

BintiKisutu

Nimesoma yote. Nauliza kwa wanaojua, je, ni RAM tu au na vifaa vingine walishapanga bei?

---

Wakili_Pwani

BintiKisutu, vioo vya LCD. Kuanzia Oktoba 2001 hadi Januari 2006 watengenezaji wa Taiwan na Korea walikuwa wanakutana kila mwezi kwenye hoteli za Taipei, wenyewe wakiviita vikao vya Crystal, wanapanga bei za vioo vya kompyuta na televisheni. LG Display ilikubali faini ya dola milioni 400 mwaka 2008. AU Optronics ilikataa kukiri, ikaenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, ikashindwa, na 2012 ikatozwa milioni 500. Kwa hiyo kuna kipindi, mwisho wa 2001 hadi 2002, kompyuta moja ingeweza kuwa na RAM ya bei iliyopangwa na kioo cha bei iliyopangwa.

---

FundiMsimbazi

Na diski je? Nakumbuka mafuriko ya Thailand 2011, diski zilipanda kufumba na kufumbua na hazikurudi haraka.

---

MtuWaSaketi

Ile ilikuwa janga la kweli, viwanda vya Western Digital vilizama majini. Ila umeona kilichofuata. Soko likabaki na watatu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na mwisho wa mwaka uleule Seagate na Western Digital wakafupisha dhamana za diski nyingi. Maji yalipungua mapema kuliko bei. Wanaobaki wachache hawana sababu ya kukimbilia kushusha.

---

Mwl_wa_TEHAMA

Wakuu, mimi nina shida ya vitendo. Shule yetu ina maabara ya kompyuta za zamani, nyingi zina RAM ya GB 4, na bodi imetenga fedha mwaka huu. Je, ninunue sasa au nisubiri bei ishuke?

---

MtuWaSaketi

Mwalimu, usisubiri kwa kutegemea itashuka muhula huu. Kiwanda kinachoanza kujengwa leo hakitoi RAM mwaka huu wala mwaka ujao.

Kwanza fungua mashine moja ya kila aina, soma kijiti kilichomo. Kama ni DDR3 umepata nafuu kiasi, haigombewi kama DDR4 na mtumba wake upo. Usinunue kabla ya kuona, maana DDR3 na DDR4 haziingiliani, hata pengo la kijiti liko sehemu tofauti. Angalia pia kama nafasi ya pili iko wazi, ili uongeze kijiti badala ya kubadilisha.

Kama mashine bado zina diski ya kuzunguka, anza na SSD ndogo. Mwanafunzi ataiona tofauti haraka kuliko akiongezewa RAM. Nazo zinapanda, kwa hiyo usichelewe.

Pili, Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi za nje zinaondoa mashine zisizokubali Windows 11, na nyingi zina RAM ya GB 8 au 16 ndani yake. Uliza bei ya mashine nzima ya aina hiyo kabla ya kununua RAM pekee, huenda ukakuta hazipishani sana. Ukiweka Linux nyepesi (mfumo endeshi wa bure badala ya Windows) zitafanya kazi ya maabara vizuri. Epuka tu zile nyembamba ambazo RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, hutaweza kuongeza kitu baadaye.

---

FundiMsimbazi

Mwalimu, nitumie ujumbe binafsi aina za mashine na namba zilizoandikwa kwenye vijiti. Nitakuangalizia vilivyopo na nitavipima mbele yako.